Hatua Moja Kila Mvua

Sikilizeni watoto wangu, na mkae chini, kwa sababu mtu akisimama karibu na kitanda changu naona kama anapima sanduku. Muriithi, wewe ndiye mkubwa aliyebaki, kaa hapa nikuone macho. Muthoni, nishike mgongo, weka mto vizuri. Na wewe Gichovi mtoto wa Njue, toka hapo mlangoni uingie. Nimekuita mimi, na hakuna mtu atakugusa ndani ya nyumba hii nikiwa napumua. Na bado napumua, ingawa daktari wa kule Embu alisema sitamaliza wiki, na hiyo ilikuwa wiki mbili zilizopita, kwa hivyo mimi Naftaly niliyeacha shule darasa la tatu nimemshinda daktari mwenye miwani kwa wiki nzima.

Maneno ya mali ni mafupi. Kahawa ya juu ni yako Muriithi, ile niliyopanda kwa mikono yangu ikazaa mpaka watu wa kiwanda wakaniomba nipumzike kidogo wapate nafasi ya kuweka ya wengine. Nyumba hii ya mabati na ng'ombe ni za Muthoni. Hakuolewa, na wale waliokuja kumposa niliwaangalia mimi mwenyewe, hakuna hata mmoja angeweza kukamua huyu ng'ombe bila kurushwa mpaka Manyatta sokoni. Asije mtu kumwambia Muthoni ati ahame. Koti langu la jeshi mnizike nalo, nani atalivaa, nyinyi wote mna mabega ya kuku.

Sasa nakuja kwa kile kitu kimenizuia kufa.

Juzi nilisikia watu wanabishana huko chini, nikamuuliza Muthoni. Usimwangalie dada yako hivyo, Muriithi, nimesema nilimuuliza. Akaniambia umeng'oa matoka ya mpakani, yale maua tunayopanda ili shamba lijulikane limeishia wapi, ukayapanda upande wa Gichovi, hatua moja. Akaniambia Gichovi amenoa panga, na amesema mbele ya watu ukisongeza tena atakukata. Na nikaambiwa kwamba wewe unangoja mimi nimuwekee kirumi, lile neno la mwisho la mzee anayekufa, ambalo hakuna mbuzi wala padre anaweza kulifuta, nimfunge asikanyage hapo tena. Ndiyo maana umekaa karibu hivi. Nilifikiri ni mapenzi.

Ngojeni niwaambie habari ya vita kwanza. Najua mmeisikia. Mmeisikia vibaya.

Mnajua nilienda na Kingi Afrika, jeshi la Mwingereza, kupigana na Mtaliano, tukapita Wajir, tukaingia Mogadishu, tukapanda mpaka Harar, na Wataliano walikimbia hata viatu vyao vikawa vinatangulia. Nimewaambia kwamba nilikamata mia nne peke yangu nikiwa nimeenda chooni. Walikuwa saba, na ni wao walikuja wakiwa wameinua mikono, wakanipa bunduki zao nizibebe kwa sababu walikuwa wamechoka. Mimi nilikuwa dereva wa lori la maji. Sikupiga mtu risasi hata mmoja. Muthoni, wacha kucheka, utaniangusha.

Baadaye nikawekwa kulinda wafungwa wa Kitaliano waliokuwa wanatengeneza barabara, na kulikuwa na mmoja mzee kidogo, alikuwa mwalimu kwao, tulimwita Bepe. Alijifunza Kiswahili akakiharibu kuliko mimi. Siku moja tumekaa kwa kivuli cha lori nikamuuliza, "Bepe, nyinyi mlitoka huko kote mkakuja kutafuta nini Ethiopia? Kwenu hakuna shamba?"

Akasema, "Shamba iko. Lakini mkubwa yetu alisema haitoshi."

"Na nyinyi mkasema nini?"

"Sisi tulipiga makofi."

Akanieleza, na mimi nawaeleza vile alivyonieleza. Mkubwa wao alikuwa mtu wa kusimama juu ya roshani, kifua mbele, na asiyempigia makofi alipelekwa mahali. Akachukua Ethiopia. Mataifa yakakutana, yakasema ni vibaya, yakamwandikia barua, yakamnyima vitu kidogo, halafu yakachoka. Akaona kumbe ni barua tu. Akachukua Albania. Na yule rafiki yake wa Ujerumani alikuwa anamwangalia na anajifunza. Huyo naye akaingia Austria, akasema ni watu wa lugha yake, anawatembelea tu. Halafu akataka kipande cha nchi ya Wacheki, akasema ndugu zake wanaonewa huko, akipewa hicho hataomba kingine. Mwingereza na Mfaransa wakakaa naye mezani, na mkubwa wa Bepe alikuwa hapo hapo, wakakata kile kipande wakampa, na wenye nchi walikuwa wamewekwa nje kama watoto. Wakarudi kwao wakisema sasa kuna amani. Miezi sita haijaisha akabeba iliyobaki. Halafu akaingia Poland, na hapo ndipo wale wengine wakasema sasa basi, na dunia yote ikawaka, mpaka mimi mtoto wa Embu ambaye sikujua Poland ni nchi ama ni dawa nikajikuta kwa jangwa nikiendesha maji.

Nikamuuliza Bepe, "Kwa nini hawakumzuia hapo mwanzo akiwa bado hana nguvu?"

Akasema, "Kila mara ilikuwa kidogo. Kidogo nani anapigania?"

Mimi nilicheka. Nilimwambia nyinyi wazungu ni wajinga, sisi kwetu mtu akiguswa mpaka hata kwa kidole anaitisha wazee jioni hiyo hiyo. Nilimcheka siku tatu. Halafu nikarudi nyumbani, nikiwa na buti na koti na hayo maneno yote kwa kichwa, na sasa nisikilizeni vizuri kwa sababu sitarudia, pumzi ni kidogo.

Njue baba ya Gichovi alikuwa rika yangu. Tulitahiriwa siku moja, tukaingia maji ya mto Rupingazi tukiwa tumeshikana mkono, na yeye hakutetemeka. Mimi nimewaambia sikutetemeka. Shamba zetu zilipakana pale chini, na mpaka ulipita kwa ule mti wa muringa ambao sasa ni kisiki. Mwingereza alipotangaza hali ya hatari Njue akashikwa, akapelekwa kizuizini miaka sita. Mimi sikushikwa. Nilikuwa na koti la jeshi, chifu alinipenda.

Mvua ya kwanza nikasongeza matoka hatua moja. Hakuna aliyeniona kwa sababu mvua ikinyesha mchana kila mtu ako jikoni. Nilichimba na udongo wake wote, kitunguu cha ua hakikujua kimehamishwa. Nilisema moyoni, Njue hayuko, hii ni kupalilia tu isije ikawa kichaka. Mvua iliyofuata hatua nyingine. Kwa mwaka kuna mvua mbili. Hesabuni nyinyi mliosoma.

Mama yenu aliona. Alisema, "Baba Kathuri, haya matoka yana miguu?" Nikamwambia mwanamke hajui mambo ya mpaka. Akapika mahindi ya pale, tukala, na yalikuwa matamu, siwezi kudanganya.

Njue akarudi amekonda kama ufito. Alisimama pale chini asubuhi nzima akiangalia. Nikamwendea nikiwa nacheka.

Akaniuliza, "Naftaly, muringa ulikuwa wako?"

"Muringa umekuwa wangu siku zote, rika yangu. Kizuizini kumekuharibu kichwa."

Akasema, "Sina nguvu ya kupigana saa hii. Kaa na hiyo. Lakini usiongeze."

Mmesikia hapo? Alinipa. Alinipa ili tukae na amani, na mimi niliyemcheka Bepe siku tatu nikaona kumbe Njue ni barua tu. Baada ya uhuru soroveya akaja kupima, na mimi nilikuwa kwa kamati ya mipaka kwa sababu ya lile koti na mdomo wangu. Njue akasema mpaka ni muringa. Mimi nikawaambia wazee, muringa ni mti, unaota popote ndege akinya. Itoka, hata ua moja tu la matoka, hupandwa na mtu, nalo ndilo shahidi wetu tangu babu zetu. Wote wakakubali, kwa sababu ni kweli, kwetu tunaamini itoka kuliko mtu. Soroveya akapiga vyuma vyake kando ya maua yangu. Usiku huo, sijui, nililala vizuri. Nikakata muringa.

Na baada ya hapo nikaongeza mbili. Hata baada ya karatasi kutoka. Sikuwa nazihitaji. Mkono ulikuwa umezoea.

Mwaka wa sabini na moja ndugu mkubwa wa Gichovi akasema sasa basi. Akaja na wenzake, na Kathuri wangu, kifungua mimba, akashuka kuwakabili akijua anatetea shamba la baba yake, kwa sababu hivyo ndivyo nilimwambia. Muriithi, wewe ulikuwa mdogo, uliona moshi. Siku mbili ukoo na ukoo. Nyumba tano zilichomwa, kahawa ikakatwa mpaka kwa shina, watu ambao hata hawakujua muringa ulikuwa wapi walivunjana mikono. Kathuri alifia njiani kabla ya kufika hospitali. Yule ndugu wa Gichovi akafungwa, akafia huko. Njue alikuja matanga ya mtoto wangu, akasimama nyuma ya watu, na hakusema neno lolote. Angesema, wangemwamini. Miaka kumi na saba nimewaambia kwamba watu wa Njue walituvamia.

Hatukuvamiwa.

Maji kidogo, Muthoni. Inatosha.

Wewe Gichovi, usiniangalie kwa huruma, sijaomba. Ulikuwa na haki ya kunoa. Lakini panga hilo uliache leo, kwa sababu ukimkata huyu hutakuwa umenikata mimi, mimi ninaondoka hata hivyo.

Na wewe Muriithi. Najua unasema moyoni, baba, ni hatua moja tu. Nimekuambia nani mwingine alisema hivyo. Kirumi sitamwekea Gichovi. Na wewe pia sitakuwekea, ingawa nimekaa nalo kwa ulimi tangu juzi. Nikikufunga kwa neno, utarudisha shamba kwa kuogopa, na mtu anayeogopa hungoja tu aliyemtisha azikwe. Nataka urudishe ukiwa unajua.

Kwa hivyo hivi ndivyo mtafanya. Mpaka ni kisiki cha muringa, na kutoka hapo moja kwa moja mpaka mtoni. Kahawa itakayobaki ng'ambo, na ni mashina kama sabini, ni ya Gichovi pamoja na matunda yaliyo juu yake. Usivune kwanza. Nakujua. Wiki ijayo mwende wawili ofisi ya ardhi, mseme karatasi inasema uongo na aliyeiambia uongo ni Naftaly, andikeni jina langu, nimezoea kujulikana. Wazee wakiuliza, Muthoni amesikia yote, na yeye hasahau, mnajua hivyo.

Lakini matoka ni leo. Saa hii.

Hapana, usipige magoti. Najua unataka nikutemee mate kifuani nikubariki kabla hujatoka, ndiyo desturi, na baraka ninayo, iko hapa mdomoni. Wale wakubwa walimbariki yule wa Ujerumani kwanza, wakangoja arudishe baadaye. Mimi sirudii hiyo. Nenda kwanza. Ukirudi na udongo kwa mikono nitakutemea wewe, na Gichovi pia, mate yakitosha. Yasipotosha mtagawana.

Chukua jembe la meno, lile la uma, si hili la kawaida, litakata vitunguu. Chimba mbali na shina, inua na udongo wake. Gichovi, mshikie upande ule mwingine. Mkifika kwa kisiki mpande karibu karibu, yasiache mwanya.

Wameenda?

Wote wawili? Vizuri. Muthoni, fungua dirisha. Nataka kusikia. Usiniambie kama unawaona, nataka kusikia mwenyewe... Nishike mkono, huu mwingine, huu umekuwa baridi. Nilikuwa na nguvu, wewe, nilikuwa nainua lori... haya, sikuinua. Nilisukuma. Tulikuwa wengi.

Wewe sikukubariki. Inama. Karibu zaidi. Wewe hukuwa na kitu cha kurudisha.

Hayo. Mate yalikuwa kidogo... Waambie wale... yalikuwa ya mtu mmoja. Waambie wasiache kuchimba.