Bashi Iliyofunika Hewa

Ndugu zangu, mama zangu wa soko, na weye mwenyekiti uliyenipa nafasi hii ukijua kwamba mdomo wangu hauna breki: leo sitawachekesha sana. Munaonizoea nikibishana bei pale parkingi, munivumilie. Nimekuja na mzigo ambao nimeuzunguka miaka mingi, na nimechoka kuuzunguka.

Sitataja jina la mtu. Yule ambaye habari hii inamugusa anajijua. Tafadhali, musigeuze shingo kumutafuta. Mukigeuza, nakaa chini.

Munajua kazi yangu ni kamio, gari ya mizigo. Zamani nilikuwa napata mizigo kwa komisioneri, yule mtu wa parkingi anayejua nani iko na gunia na nani iko na gari, halafu anakula katikati. Yeye ndiye aliniambia: leo Bule, kesho Ariwara, beba maharagwe, beba chumvi. Gari ilikuwa yangu, lakini ilikuwa inatii mdomo wa mwingine. Siku moja nikasema basi, nitajitafutia mwenyewe. Nikawa shofere, patron mwenye gari, na komisioneri, vichwa vitatu kwenye shingo moja, na vyote vitatu vinataka kula.

Komisioneri alinicheka. "Utarudi, ndugu yangu. Gari tupu haina bei. Siku utaingia sokoni bila kitu nyuma, wenye mizigo watakukata mpaka mfupa."

Alisema kweli. Niliingia Bule na gari tupu, mama wa maharagwe wakaitazama, wakatazamana, na bei ikalala chini kama mbuzi mgonjwa. Walijua siwezi kurudi Bunia nikibeba upepo.

Ndipo akili yangu ikafanya kazi. Nilikunja mianzi juu ya kamio, nikatandaza bashi, lile turubai letu la kufunika mizigo, nikalifunga kwa kamba vizuri kabisa. Ndani hakukuwa na hata gunia moja. Ukitazama kwa nje, ungeapa nimebeba soko zima. Nikifika, nashuka polepole, nashika kiuno kama ni mimi niliyebeba. "Nafasi iko kidogo tu, pale nyuma. Mwenye haraka aseme." Wanagombania ile nafasi kidogo, bei inapanda, halafu ile nafasi kidogo inameza gunia za watu wote. Baadhi yenu mulikuwamo. Naona munacheka. Chekeni sasa, sababu huko mbele hakuna kicheko.

Na kanuni ya shofere ilinisaidia. Bashi ikishafungwa, haifunguliwi njiani. Wakati wa vita, ukifungua, kila jicho linaona unabeba nini, na kila jicho liko na bunduki yake. Kwa hiyo hakuna aliyeniomba nifungue. Uongo wangu ulilala chini ya kanuni nzuri.

Halafu ikaja ile siku mji wetu ulimwagika barabarani. Munaikumbuka, sitawaeleza moshi. Bibi yangu na watoto nilikuwa nimewatanguliza Beni. Asubuhi ile nilikuwa nimepanga kwenda Komanda kuchukua mchele na mawese ya mfanyabiashara mmoja, na bashi ilikuwa imeshafungwa juu ya mianzi, tayari kwa kumbishia bei. Risasi zilipoanza, niliwasha gari vile vile ilivyokuwa.

Barabara ya Komanda ilijaa. Magodoro vichwani, sufuria, mbuzi, mtoto anavuta mtoto. Watu wanainua mikono: "Shofere! Shofere, utuonee huruma!" Na mimi natoa kichwa dirishani: "Imejaa! Imejaa!" Na sauti nilikuwa nayo, ya mtu anayesikitika kweli.

Juu ya nini nilifanya vile? Nimejiuliza sana. Ningependa kuwaambia niliogopa wenye silaha. Hapana. Nilijua watu wakipanda, mianzi itavunjika, Bunia yote itajua bashi yangu inafunika hewa, na yule wa Komanda ataniona nikiingia bila mzigo. Ndugu zangu, nawaambia, watu walikuwa wanakimbia kifo, na mimi nilikuwa nalinda bei.

Karibu na Marabo, tope lilitusimamisha. Pale mvua imechimba barabara: gari inasimama chini kama kwenye mfereji, wanaotembea wako juu ya ukingo. Mwanamke mmoja akateremka mpaka dirishani kwangu. Alikuwa anauza fufu ya muhogo na samaki pale parkingi. Nilikula kwenye mkono wake miaka, na siku ambazo sikuwa na kitu alinipa vile vile. Mama yake, muzee kabisa, alibaki juu ya ukingo, ameshika fimbo.

"Papa," akasema, "mimi sikuombi kwa ajili yangu. Niko na miguu. Beba mama tu."

"Mama, imejaa. Unaona mwenyewe."

"Hata juu ya gunia. Yeye ni mwepesi."

"Bashi imefungwa. Unajua kanuni yetu."

Wakati tunabishana, yule muzee alichoka. Akataka kuegemea kitu, na kitu kilichokuwa karibu kilikuwa gari yangu. Akaweka mkono kwenye bashi. Nilimuona kwenye kioo cha pembeni. Mkono ukaingia, ukaingia mpaka kiwiko, kama mtu anayetafuta sabuni ndani ya maji. Akautoa polepole. Akautazama. Halafu akasema, kwa ile sauti kubwa ya watu ambao masikio yao yamechoka:

"Mutoto wangu, mizigo yako iko laini sana."

Binti yake akatazama bashi, akanitazama mimi. Angenitukana, ningemujibu, majibu niko nayo mengi, munanijua. Hakunitukana. Alisema, "Enda muzuri, papa." Akapanda ukingo, akamushika mama yake mkono. Mbele tope likaachia, na mimi nikaenda.

Sikufika mbali. Kwenye barieri ya kufunga njia, vijana wenye silaha wakanisimamisha.

"Unabeba nini?"

"Sibebi kitu."

"Na hii bashi?"

"Inafunika hewa."

Wakacheka mpaka mmoja akaweka bunduki chini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema kweli tangu asubuhi, na hakuna aliyeniamini. Wakakata kamba, wakakuta mianzi. Hapo kicheko kikaisha. "Mizigo umeshushia nani? Umeificha wapi?" Walinipiga ili niwaonyeshe gunia ambazo hazikuwako. Walipochoka, walinikalisha kando ya njia mpaka jua likageuka, kisha wakaondoka na gari yangu. Niliinamisha kichwa muda wote huo, sababu wale niliowaambia "imejaa" walikuwa wanapita mbele yangu kwa miguu.

Walipokwisha kwenda, nikafuata njia na mimi. Baada ya kilima kimoja nikawaona mbele. Yule mwanamke alikuwa amemufunga mama yake mgongoni kwa kitenge, namna munavyobeba mtoto mchanga. Miguu ya muzee ilikuwa inaning'inia. Mimi sikubeba kitu. Mwili ulikuwa unauma, ndiyo, lakini miguu ilikuwa mizima. Na munajua nilifanya nini? Nilipunguza mwendo. Kila aliposimama kupumua, na mimi nilisimama nyuma ya watu, nisionekane. Mwanaume mzima akatembea polepole kuliko mama aliyebeba mama. Gari walininyang'anya wengine. Hii hakuna aliyenilazimisha.

Muzee alifika Komanda. Aliishi pale walipowekwa waliokimbia, mpaka mvua kubwa, kisha kifua kikamushinda. Sisemi mimi ndiye nilimuua. Sisemi pia kwamba si mimi. Hesabu hiyo nimeirudilia, maana kila kitu nahesabu mara mbili, na mara zote mbili inanikataa.

Sisi wote tulirudi Bunia kidogo kidogo. Nikawa nasukuma baiskeli za watu zenye mizigo. Meza ya yule mwanamke wa fufu ilikuwa imerudi parkingi, na mimi nilikuwa nazunguka nyuma ya depo za chumvi nisipite mbele yake. Gari ilipatikana porini, bila matairi, bila bashi. Ndipo hapa, kwenye likelemba letu la kuchanga pesa na kupokea kwa zamu, mukazungumza kama munipe zamu kabla ya wengine ili gari isimame. Mwenyekiti akauliza nani anakataa. Nilitazama viatu vyangu. Nilijua iko mtu humu ambaye neno lake moja lingenimaliza. Akasema, "Gari ikitembea, itabeba watu."

Gari ikatembea. Akaniletea gunia zake za muhogo kutoka Komanda. Nikamwambia, "Mama, kwako ni bure."

"Bure sikukuomba. Bei gani?"

Nikataja bei, na kwa mazoea ya mdomo nikaitaja ya juu. Akalipa. Hakupunguza hata kidogo. Safari ya pili vile vile, na ya tatu. Ndugu zangu, munajua desturi ya soko letu: mtu ambaye habishani nawe bei, amekufuta. Nilitukanwa na watu wengi katika kazi hii na nikalala vizuri. Malipo yale ya kimya yalinikosesha usingizi.

Mwisho nikaenda kwenye meza yake, mchana, watu wakiona. Nikasema, "Siku ile gari ilikuwa tupu."

"Najua."

"Na baada ya barieri nilikuwa nawafuata. Nilijificha."

Hilo hakulijua. Aliacha kijiko ndani ya sufuria. Akasema, "Mama alikuwa anacheka mgongoni kwangu. Aliniambia, yule mutoto amebeba upepo, upepo ni muzito, atachoka kabla yako." Akafuta macho kwa kitenge. Hakuniambia kwamba amenisamehe. Alinipa fufu, nikala nimesimama.

Basi juzi, msimu huu wa muhogo, nikamtajia bei ya gunia zake. Akaweka mikono kiunoni. "Weye! Hiyo bei umeiota? Unabeba muhogo ama unabeba askofu?" Tukabishana mpaka watu wakakusanyika. Alinikata mpaka mfupa, na nyumbani bibi yangu aliniuliza juu ya nini nimepata hasara na nacheka huku macho yanalia.

Nawashukuru ninyi mulionipa zamu bila kujua munamupa nani. Namushukuru yule aliyejua, na akanyamaza. Fundisho langu ni dogo. Nilitaka sana niwe mwenye kuchagua mzigo wangu, na siku ya kuchagua ilipofika, nilichagua hewa. Anayejitafutia mizigo hana komisioneri wa kumusingizia.

Siku hizi, gari ikiwa tupu, bashi naikunja, naiweka chini ya kiti. Mama wa Bule wanaona kila kitu, na wananikata wanavyotaka. Endeleeni kukata, mama zangu.

Kesho asubuhi naenda Komanda. Gari iko tupu. Mwenye kutaka kupanda, apande.