Pisini Yangu Musiimwage

Sogea, Anwari mdogo wangu, na wewe Biasha mke wangu mulete binti yetu Kaoutar hapa kitandani, kwa sababu ini hili limenishinda na daktari mwenyewe ameacha kunidanganya. Nina miaka thelathini na minane tu, lakini tangu baba atutoke mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii, na mkubwa akisema mara ya mwisho hata kichwa kigumu kama Anwari kinanyamaza.

Shule niliiacha mwaka wa tano, na bado mawese yangu yalijaza malori hadi Bujumbura, nikachimba pisini ya kwanza mtaani, bwawa la kuogelea la vigae vya bluu, nikawa naelea tumbo juu huku wenye diploma wakichungulia ukutani. Walinicheka: ziwa lote hili la Tanganyika, Mbaraka anachimba lingine! Nikawajibu lile ni la kila mtu, hili ni la Mbaraka.

Nyumba na migazi, ile michikichi ya Minago, ni ya Biasha na Kaoutar. Malori ni ya Anwari, na usiyaendeshe kama unavyocheza mpira. Hayo yamekwisha. Linaloninyima kufa ni pisini.

Jana nimewasikia munanong'ona: akiondoka tuimwage yote, tujaze mapya, maji ya mgonjwa si mazuri. Musiimwage! Nawaomba, mimi ambaye sijawahi kuomba mtu. Kila ilipogeuka kijani niliimwaga, nikijisifu nabadilisha maji kama shati, kumbe maji yanatibika kwa klorini na brashi, ila kuuliza niliona aibu. Kiangazi cha mwaka jana nilifungulia robine ya bomba siku tatu kuijaza, nyumba za chini zikakauka. Mama Kankindi wa huko chini akaja na bidoni lake tupu la maji, akasema, "Mwanangu, tuachie kidogo, nyumbani iko mutoto." Nikamjibu mbele ya watu, "Bibi, ziwa lote lile, umekosa pa kuchota?" Watu wakacheka. Yeye akaenda ziwani kweli. Wiki ile kipindupindu kilichukua wawili pale chini, na mmoja alikuwa mjukuu wake.

Juzi amekuja kunitazama, akanitakia amani, amahoro, akanifuta jasho. Afadhali angenitemea mate. Nilifungua mdomo, nikaomba chai.

Ndiyo, Anwari, tikisa kichwa, sema si mimi niliyeleta ugonjwa. Nimejiambia hivyo mwaka mzima.

Basi ule ufa karibu na ngazi uzibeni kwa saruji. Funikeni kwa turubai, jua lisiyanywe. Maji ya kuoshea chujio yaende kwenye mihogo. Yakipungua, ngojeni mvua. Bati letu ni kubwa, wekeni mifereji. Na toboeni ukuta, robine itokee nje, watu wa chini wachote kabla yenu.

Mimi munioshe kwa maji ya pisini hiyohiyo, ndoo chache tu. Siku hiyo robine musiiguse, hata wageni wakijaa. Biasha, apa... nisikie. Vizuri.

Kaoutar, mama yangu, Mungu akupe... akupe moyo usiocheka mtu mwenye kiu. Awape wote... maji, na amani ya kuyagawa.

Anwari. Acha kulia, utanichekesha, na hapa panauma. Kimbia kwa Mama Kankindi. Mwambie aje sasa. Sasa hivi... Mwambie Mbaraka... ana la kumuomba.