Baada ya Upepo Jazz

Kijiwe cha kahawa cha Mama Hilaria kiko nyuma ya soko, Sumbawanga mjini: ubao mmoja mrefu juu ya matofali, mahali ambapo ukuta wa ghala la mahindi unazuia upepo. Wateja wake wa kila asubuhi ni wawili. Mzee Clemens anaitwa Diwani, kwa kuwa aligombea udiwani mara mbili na mara zote kura hazikutosha. Timoth anaitwa Kasanga, maana aliwahi kubeba mizigo bandarini kule ziwani kwa miezi minane na mpaka leo hajaacha kuisimulia. Jumatatu hiyo ya mwezi wa saba, watu wamejikunyata ndani ya makoti, Tadei, mpiga solo wa bendi ya Upepo Jazz, alikuja na gitaa mgongoni, akakaa, akawaonyesha simu yake. Ujumbe uliingia jana yake kutoka kwa Mathias, mwimbaji wao: "Kaka, mimi na Gabriel wa kinanda tunaendelea na kompyuta na spika mbili. Bendi basi. Kila la heri." Miaka kumi na minne ya Upepo Jazz ilikuwa imekwisha hivyo.

— Hata kupiga simu hakupiga? Diwani aliuliza.

— A-a-ameandika tu.

Tadei ana kigugumizi tangu utotoni. Kijiweni walishamzoea; walimngoja amalize, naye alijitahidi asiseme mengi. Jukwaani aliyemsemea ni Mathias.

— Ningekuwa wewe, kesho niko Kasanga, Timoth alisema. Unadandia boti la mizigo, keshokutwa uko Kongo. Wale jamaa mpiga solo wanampokea kama askofu.

— Atawasalimu kwa lugha gani?

— Gitaa halina lugha, Diwani.

— Kuna la hapahapa, Diwani alisema. Halmashauri iunde bendi ya wilaya. Sare, gari, vyombo. Madiwani wakianza kugombana kikaoni, bendi inaingia, inapiga, kikao kinatulia.

— Wasipotulia?

— Inapiga tena.

— Hiyo ndogo, Timoth alisema. Mimi naweka jukwaa juu ya boti, katikati ya ziwa. Wakongo kule, Wazambia kule, sisi huku. Nchi tatu zinacheza rumba moja.

— Tadei hajui kuogelea, alisema Mama Hilaria, akimwongezea kahawa.

Tadei alisikiliza, kikombe kikimpasha vidole. Hakuwa na shida na Kongo wala na halmashauri. Kilichomkaa kooni ni daftari lake: nyimbo thelathini na moja, zote kwa mwandiko wake. Mathias hakuwa na habari nazo tena, na yeye hakuona zitatokea mdomo gani.

Ndipo alipofika mwanamke mwenye vumbi jekundu mpaka magotini, kaniki begani.

— Shikamoo mzee.

— Marahaba, mwanangu. Karibu kahawa.

— Asante. Mimi Kabula, natoka kijiji cha Kaoze. Nimeambiwa Upepo Jazz huwapati kwingine ila hapa. Kaka yangu Shigela anaoa Jumamosi.

— Umechelewa, Diwani alisema. Bendi imevunjika jana. Mwimbaji kaondoka, kabaki huyu wa gitaa.

Kabula alifikiri kidogo.

— Ule wimbo wa mama anayengoja mvua, ni wa huyo aliyeondoka?

— Wa Tadei huyu. Zote katunga yeye.

— Basi si aimbe yeye.

Diwani akashusha sauti.

— Ana kigugumizi, mwanangu.

Kabula alimtazama Tadei wala hakumhurumia, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

— Na akiimba anagugumiza vilevile?

Diwani alimgeukia Timoth. Timoth alimgeukia Mama Hilaria, naye akaangalia birika lake. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia Tadei akiimba. Mathias alifundishwa kila wimbo kwa nyuzi, maneno akayasoma daftarini. Tadei mwenyewe hakujua jibu. Alipokuwa darasa la tatu, wenzake walicheka kabla hajatoa sauti, mwalimu wa kwaya akampa ngoma, na kuanzia hapo hakujaribu tena.

Alilitoa gitaa kwenye begi lake. Vidole vilikuwa bado vina baridi. Akakosea utangulizi, akaanza upya. Kisha akafumba macho akaimba, polepole, sauti nene yenye mkwaruzo kidogo. Neno la kwanza lilikuwa "mama", neno ambalo hulingojea kwa hofu kila anapoongea. Likapita. Likafuata la pili, na la tatu, yameshikana kama alivyoyaandika. Alimaliza ubeti mzima ndipo akafumbua macho.

Kabula alijitanda kaniki yake vizuri.

— Gari la Kaoze Jumamosi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, alisema.

— Ni-ni-nitawahi, Tadei alijibu.