Kivinjari Kisichochungulia

Karani aliyekaa nyuma ya mzee na fundi simu basini hakukusudia kusikiliza, ila masikio hayana pazia.

"Baba, kivinjari cha intaneti kilichokuja na simu kina kasoro gani?" aliuliza fundi, mwanamke aliyeketi kando ya mzee, akiwa ameishika simu yake.

"Kinachungulia. Binti yangu ndiye aliyeninunulia simu, na akaunti ni yetu sote. Ninachotafuta humo, naye hukiona. Niwekee kingine, niisome saratani yangu faraghani. Binti yuko kwenye mitihani."

"Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Kiniumbue baada ya mitihani."

"Hatakusamehe."

"Maiti haombi radhi, mwanangu. Weka."

Karani aliona hoja hiyo imekamilika, isipokuwa haikumhesabu binti.

Basi likasimama hospitalini. Mzee akanyoosha mkono apewe simu. Fundi alikuwa hajabonyeza kitufe cha kupakua.