Kipaka wa Kornelio na Sanduku la Mninga

Kwenye benchi letu la Buguruni, mbele ya birika la Bakari muuza kahawa, mtu huenda na usingizi akarudi na kichwa kinamuuma. Asubuhi hiyo Kornelio mchonga vinyago alikuja macho mekundu. Alipewa kipaka na Rubabbai, mke wa Mhindi mwenye duka, amfukuzie panya. Kipaka hataki sanduku la mchanga, anajisaidia anapotaka. Eufrazia, mkewe Kornelio, kasema ikifika adhuhuri kipaka anaingia guniani, anakwenda kutupwa. Na Kornelio, mtu mzima na ndevu zake, anampenda yule kipaka mpaka inatia hasira.

— Juzi kitandani, jana kapu la nguo, leo kwenye unga! Kornelio akalia. Nifanyeje, jamani?

— Nidhamu, akasema Koplo, aliyerudi kutoka vitani Burma na amri zake zote. Samaki mkunje angali mbichi. Mpigishe kwata mpaka sandukuni.

— Nimempigisha, afande! Kafika, kaliparura sanduku, kalia nyau, kaniangalia, kaenda zake.

— Basi sanduku bovu.

— Bovu? Mninga mtupu! Nimelichonga mwenyewe, ubavuni nimetia maua, juu nimetia mfuniko kuku wasichakure mchanga. Majirani wote wamelisifu!

Kweli, hata mie nililisifu.

— Nyie hamjui kitu, akadakia Redio, ambaye tangu azaliwe hajazimwa. Paka kakulia kwa Rubabbai, kazoea Kikachi, lugha yao Wahindi. Wewe unamsemesha Kimakonde, ataelewa wapi?

— Namsemesha Kiswahili!

— Hicho chako, ndugu yangu? Hata sie tunakisia tu.

— Redio, nikamwambia, mwache mwenzio.

— Haya, basi katumwa na bwana afya. Achafue nyumba, bwana afya aje aifunge. Serikali hii mnaijua nyie?

— Inawezekana, akasema Koplo. Kule Burma nilimwona paka wa Wajapani anasoma ramani.

— Anasoma ramani?

— Kimoyomoyo.

Nilitamani kumwagia mtu kahawa. Bakari akagonganisha vikombe vyake, akatazama jua.

— Jamani, adhuhuri hiyo inakuja! Kornelio akasema. Akilala ananilalia hapa shingoni. Mie nitamtiaje guniani?

— Vumilia, akasema Redio. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba changu cha unga ndicho kilichojaa, Redio!

Hapo akapita Mauwa, muuza vitumbua, mgeni mtaani. Akatua sinia lake.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Mnisamehe, nimesikia mkisema. Huo mfuniko, paka anaufunuaje?

Koplo akachungulia kikombe chake. Redio akajitia kuhesabu vitumbua. Mie niliona aibu, maana lile sanduku nililizunguka kabisa nikisifia maua.

Kutoka uani kwa Kornelio tukamsikia Eufrazia akiuliza gunia liko wapi. Kornelio akaruka, akatimua mbio kwenda kuung'oa mfuniko, na kikombe cha watu mkononi, kahawa inammwagikia shatini.

— Kikombe changu! Bakari akapiga kelele.

— Ndilo hilo neno la mfuniko nililokuwa nalizungukia, akasema Koplo.