Nta Niliyoipaka Bila Kuionja

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu wote wa chama chetu cha kusaidiana hapa Itigi, Wakristo kwa Waislamu, ahsanteni kwa kunipa nafasi. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi. Nikaifuta sentensi ya kwanza mara nne, nikaona nikiendelea hivyo nitafika hapa sina hata neno moja. Karatasi nimeiacha nyumbani. Sitamtaja mtu kwa jina, ila wengine mtajitambua, na mmoja wenu naona ameshaanza kutabasamu.

Nilitoka Mgori kwenda shule ya ufundi, nikarudi na cheti. Kwetu hapakuwa na mwingine mwenye cheti cha namna hiyo, na baba alikitundika ukutani mahali ambapo mgeni hawezi kuketi asikione. Nikapata kazi hapa, kwenye gereji iliyo karibu na stesheni. Kazi yangu ilikuwa kulinda rangi za magari. Gari likishaoshwa, nilipaka bodi polishi ya kopo iliyokuja kwa treni, nikasugua mpaka ling'ae, kisha nikapaka na rimu za magurudumu. Wanaokwenda Singida wanajua kwa nini. Tope la chumvi la kando ya ziwa likikaukia kwenye rimu, rangi hubanduka kama ganda la kiazi.

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa kufikiri kupita kiasi. Maelezo ya kopo niliyasoma kila asubuhi, ingawa yalikuwa yaleyale ya jana.

Kiangazi kilichopita polishi ikaisha, na treni haikuleta nyingine. Siku hiyohiyo likaletwa gari la mzungu mmoja mkaguzi wa barabara, ambaye sisi tulimwita Bwana Barabara. Alitaka gari liwe tayari kesho yake mchana, aende nalo Singida. Nikafikiri: polishi ya kopo ina nta ndani yake, na nta Itigi imejaa. Nikaenda kwa mama mmoja anayeuza nta.

"Shikamoo mama. Nataka nta."

"Marahaba mwanangu. Ya kupaka ngoma?"

"Ya kupaka gari."

Akacheka mpaka akaweka ungo chini. "Gari linaumwa nini?" Kisha akaniambia, "Hii niliyonayo nimeikamua tu. Haijachemshwa wala kuchujwa. Njoo kesho jioni."

Kesho jioni gari lingekuwa limeshaondoka. Nikafikiri njia nzima. Nikajiuliza, huyu mama anajua nini kuhusu rangi ya gari? Mimi ndiye mwenye cheti. Kwa hiyo nikarudi, nikainunua ileile, nikaiyeyusha, nikachanganya na tapentaini. Niliponusa nilisikia utamu kwa mbali. Nikajiambia ni tapentaini. Nawaambieni ukweli, tapentaini haijawahi kunukia utamu tangu iumbwe.

Nikapaka bodi, madigadi na rimu zote nne. Likang'aa. Dereva wa Bwana Barabara, kijana wa Iramba, akazunguka gari mara mbili akasema, "Msomi, leo nitajitazama humu nikinyoa ndevu."

Saa saba mchana likasimama juani mbele ya stesheni, na bati likapata moto. Ninyi mnajua kiangazi cha hapa: maua hakuna, na nyuki wana njaa. Kwanza walikuja watatu, nikawahesabu. Kisha sikuweza kuhesabu tena. Boneti ikawa nyeusi inayotembea. Wakajaa kwenye magurudumu kana kwamba wanataka kuliondoa gari. Dereva akaumwa shingoni na mikononi. Bwana Barabara akakimbilia chumba cha tiketi, na abiria wakamfuata, na mbuzi mmoja naye akaingia.

Giza lilipoingia nyuki wakaondoka, na maswali yakaanza. Fundi mkuu wetu akaniuliza, "Umepaka nini?"

Nikajibu, "Ile ya kopo, mzee. Ilikuwa imebaki kidogo."

Hilo ndilo anguko langu, ndugu zangu. Nta mbaya ni kosa la kazi. Neno lile nililisema kwa mdomo wangu, na lilikwenda kumwangukia mtu. Dereva yule kwao ni warina asali, na aliwahi kuonywa kwa kubeba kibuyu cha asali cha mama yake ndani ya gari. Bwana Barabara akaamini amebeba asali tena, akasema mara hii basi. Akaamuru dereva akae nyumbani mpaka Jumatatu, siku atakayorudi kwa treni kutoka Tabora alikoamua kwenda badala ya Singida, na siku hiyo atamwachisha kazi mbele ya wenzake.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Mnadhani nililala? Niliandika barua ya kukiri. Ikawa ndefu mno. Nikaandika fupi, ikaonekana ya jeuri. Ya tatu ilinitetea kuliko kukiri. Zote nikazichoma. Nikafikiri labda nyuki walivutwa na rangi ya gari, labda na maji ya rejeta, labda na kitu chochote ila mimi.

Jumapili nikaenda kwa yule mama. Nawaambieni nilichokifuata: nilitaka aniambie kwamba nta haikuwa na kosa. Akachukua kipande cha ileile niliyonunua, akanipa. "Onja."

Nikatafuna. Ilikuwa tamu.

"Sisi huonja kwanza," akasema. "Ikiwa bado tamu, nyuki wataijua kuwa ni yao." Kisha akaendelea kupepeta, akasema kama jambo la kupita tu, "Yule dereva alikuja jana. Ananiuliza eti nyuki huweza kufuata jasho la mtu? Amelifua koti lake mara tatu. Anadhani harufu ya asali ya kwao imemwingia mwilini."

Sikuweza kuimeza ile nta wala kuitema. Mtu aliumwa na nyuki wangu, kazi inamponyoka kwa neno langu, naye ameketi kwake anajinusa. Tangu pale sikufikiri tena. Ni mara ya kwanza ninayokumbuka kuamua jambo bila kuligeuzageuza.

Jumatatu nilikuwa stesheni kabla ya treni. Bwana Barabara aliposhuka, fundi mkuu akiwepo, na dereva amesimama pembeni na koti lake lililopauka, nikasema, "Ni mimi. Nilipaka nta yenye asali, nikadanganya. Dereva hana kosa."

Fundi mkuu akavua kofia, akaivaa tena. Bwana Barabara akauliza kwa nini sikusema Alhamisi. Nilikuwa na majibu kama sita. Nikasema, "Niliogopa."

Dereva alirudishwa kazini palepale. Mimi nilikwangua gari lile kwa maji moto na sabuni siku nzima, na kiangazi chote kilichobaki nikaosha magurudumu tu, bila kugusa bodi. Fundi mkuu angeweza kunifukuza. Hakufanya hivyo, na leo namshukuru mbele yenu. Namshukuru na yule mama, aliyenifundisha kuchemsha nta na maji, kuchuja kwa kitambaa, kuchemsha tena, kisha kupaka kidogo na kufuta mpaka kiganja kitoke kikavu. Rimu ninazopaka sasa huenda Singida na kurudi na rangi yake.

Dereva nilimwomba radhi. Akaniambia, "Msomi, utaninunulia koti." Nimelinunua, na ndilo alilovaa leo.

Ninachowaachia ni hiki. Mkikosea kazini, semeni siku hiyohiyo, wakati bado ni kosa lenu peke yenu. Ukingoja, litamkalia mwingine. Na ukiambiwa na anayejua kwamba bado, mngoje, hata kama hana cheti.

Mpaka leo, akija kuchukua gari, yule dereva hupitisha kidole kwenye boneti, akakilamba taratibu, huku akinitazama. Gereji nzima hucheka. Nami husimama pale na kitambaa changu, nikingoja aseme ni chungu, ndipo nimpe ufunguo.

Ahsanteni.