Utepe Ukatwe, Kitufe Kingoje

Mgeni rasmi, uongozi wa hospitali, wagonjwa wetu mlioketi mstari wa mbele, ndugu na jamaa,

Sisi wafanyakazi wa kitengo cha tiba ya mionzi tunakupokea kwa mikono miwili. Leo mikono hii ni mikavu kwa ajili yako, maana saa kama hizi huwa imelowa. Kila asubuhi tunajaza tangi maji, kwa sababu mbele ya mionzi mwili wa binadamu hauko mbali na maji. Tunatumbukiza kipimio, tunawasha mashine, tunasoma dozi. Tangi lisipokubali, mgonjwa hapandi kitandani.

TULIKOTOKA

Miaka kumi na minne tumetumia mashine moja. Imezeeka, inakoroma, lakini haijatudanganya, kwa kuwa hatujaiamini hata siku moja bila kuipima. Wapimaji huwa wawili. Wa kwanza anaandika tarakimu na kufunika karatasi. Wa pili anapima upya bila kuchungulia. Kisha karatasi zinafunuliwa pamoja.

Mionzi haionekani, hainuki, wala haiumi inapoingia. Ikipungua, ugonjwa unabaki. Ikizidi, inaunguza kilicho kizima, na mgonjwa hujua baada ya miezi, wakati hakuna wa kuirudisha.

KILICHOTUPATA

Mwezi uliopita tulipima mashine hii mpya unayoizindua leo. Wa kwanza alikuwa Mwalimu, tunayemwita hivyo kwa kuwa nusu yetu tumefundishwa naye. Wa pili alikuwa Bi Rudia, na jina hilo amelipata kwa neno lisilomtoka mdomoni.

Karatasi zilipofunuliwa, zilipishana kumi na sita kwa mia, ya Mwalimu ikiwa chini. Mwalimu akacheka, akasema binti kasahau kukaza kipimio. Binti akakaza, akarudia. Zikapishana vilevile. Mara ya tatu, vilevile. Hapo Mwalimu akanuna, akasema yeye alianza kupima kabla binti hajaota meno. Bi Rudia hakubishana habari za meno. Aliuliza jambo moja.

"Mwalimu, mgandamizo wa hewa umeusoma wapi?"

"Kwenye simu, kwa watu wa hali ya hewa. Barometa yetu si imekufa jana?"

"Mimi nimeazima ya chuo. Niwie radhi, Mwalimu, lakini hao hutangaza kana kwamba mji uko usawa wa bahari. Sisi tuko mlimani."

Hewa ya mlimani ni nyepesi, na hesabu ya kipimio hutegemea hewa iliyomo chumbani. Tarakimu ya Mwalimu ilionyesha mionzi pungufu kuliko iliyopo; tungeifuata, tungeiongeza bure, na kila mgonjwa angepewa karibu sehemu moja ya tano zaidi ya alichoandikiwa.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, akasema, "Rudia." Kisha akachukua barometa ya kuazima na kurudia yeye mwenyewe. Zikalingana.

TULIPOKWAMA

Lakini nyani haoni kundule, na watu wa chumba kimoja wanaweza kukosea pamoja. Kwa hiyo tulipiga mionzi vidonge vidogo vya kupimia, tukavituma kwa posta kwenye maabara ya mbali isiyotujua kwa sura wala kwa urafiki. Jibu litafika baada ya siku kumi na moja.

Ratiba ya leo, mgeni rasmi, inasema utabonyeza kitufe na mgonjwa wa kwanza atatibiwa kamera zikiwaka. Mgonjwa huyo ni mama mshona nguo aliyeketi mbele yako. Amengoja wiki saba. Jana tulipomweleza, aliuliza kama kungoja zaidi hakutamuua, na swali lake ni la haki. Tukamjibu kwamba hatangoja. Kuanzia kesho tutafungua mashine ya zamani saa kumi na moja alfajiri, saa mbili kabla ya kawaida, kwa ajili yake na wenzake. Hatudai malipo ya saa hizo.

Alifikiri kidogo, akasema, "Basi sawa. Mimi nguo ya mtu siikati kabla sijapima mara mbili, na kitambaa kikiharibika kinanunuliwa kingine."

TUNACHOOMBA

Kata utepe, tutakupigia makofi. Kitufe kiache mpaka jibu lifike.

Tunaomba barometa yetu wenyewe. Ya chuo wanaitaka.

Tunaomba pia iandikwe katika kanuni za hospitali kwamba mpimaji akisema "rudia," hakuna mkubwa wa kumwambia "washa," hata awe wewe. Tulishauriwa tuifute sentensi hii. Tuliisoma upya, tukaiacha.

Mgeni rasmi, huenda unajiuliza Mwalimu amejificha wapi. Tulipotafuta msomaji wa risala, alinyoosha mkono kabla ya wote. Ndiye unayemsikiliza. Na ufunguo wa mashine mpya uko mfukoni mwa Bi Rudia, safu ya nyuma kabisa. Ameketi, ametulia.

Mungu akuongoze, awape wagonjwa wetu nafuu, na atujalie sisi mikono inayolowa kila asubuhi.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Kitengo cha Tiba ya Mionzi